Shajara ya mradi: Super VC10 ya East African Airways, 5H-MOG, kipimo cha 1/144

Jumamosi, 11 Januari

Seti iko mezani, vipande vyote vimeoshwa kwa maji ya sabuni na vimekauka. Ni modeli ya plastiki ya Super VC10, ndege kubwa ya abiria iliyoundwa Uingereza, kwa kipimo cha 1/144, yaani milimita moja ya modeli ni sentimita 14.4 za ndege yenyewe. Ndege halisi ilikuwa na urefu wa mita 52.32 na upana wa mabawa mita 44.55, kwa hiyo hapa mezani inatakiwa iwe milimita 363 kwa 309. Nimezibana nusu mbili za bodi kwa teipu, bila gundi, nikapima. Urefu umekaa sawasawa. Nilitaka kuhakikisha hilo kabla ya kingine chochote, maana umbo likishakuwa bovu hakuna waya wala ribiti itakayoliokoa.

Ninayoijenga ni 5H-MOG. East African Airways ilikuwa na Super VC10 tano, na usajili wake uligawanywa kwa nchi tatu zilizomiliki shirika: 5X-UVA na 5X-UVJ zilikuwa na herufi za Uganda, 5Y-ADA ya Kenya, 5H-MMT na 5H-MOG za Tanzania. Za mwanzo zilifika mwaka 1966. MOG ilikuja mwishoni, mwaka 1970, na haikuwa ya mwisho kwa shirika letu tu: ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutoka kiwandani Weybridge, Uingereza, ya 54 kati ya 54. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuifanyia kazi kwa heshima.

5X-UVA nimeiacha makusudi. Ilipata ajali Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 marubani walipolazimika kusitisha kuruka ndege ikiwa kasi kwenye njia ya kurukia, na watu 43 kati ya 107 waliokuwamo walifariki. Siwezi kuiweka kabatini kama pambo.

Nimejiwekea sharti moja kwa mradi huu wote. Kila kitu kidogo nitakachoongeza kiwe cha ndege hii, si cha VC10 kwa ujumla, na kiwe kitu ambacho jicho lingekiona kweli kwa umbali unaolingana na kipimo. Kutoka sentimita 30, modeli ya 1/144 inaonekana kama ndege halisi iliyo mita 43 mbele yako. Ukisimama mita 43 kutoka kwenye ndege, ribiti hazionekani. Milango inaonekana, midomo ya injini inaonekana, na wembamba wa ukingo wa bawa unaonekana. Kazi yangu itakwenda huko.

Na la kwanza kabisa halimo kwenye boksi: mlango wa mizigo. Super VC10 za East African zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo ubavuni kushoto, mbele ya bawa, ambao Super VC10 za BOAC, shirika la ndege la Uingereza la enzi hizo, hazikuwa nao. Bila mlango huo nitakuwa nimejenga ndege ya Waingereza na kuipaka rangi zetu.

Jumapili, 19 Januari

Siku ya picha. Bahati ni kwamba MOG bado ipo. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, ndege nne zilizobaki zilirudishwa Uingereza, na baadaye jeshi la anga la huko likazichukua na kuzigeuza ziwe za kujazia ndege nyingine mafuta angani. 5H-MOG ikawa ZA150. Iliruka mpaka Septemba 2013, na sasa imehifadhiwa Dunsfold chini ya makumbusho ya Brooklands. Dada yake 5Y-ADA, aliyebadilishwa jina kuwa ZA148, alipelekwa Newquay, Cornwall, mwaka huohuo.

Kwa hiyo picha za karibu zipo tele, ila zinataka umakini. Mrija mrefu wa kupokelea mafuta unaochomoza puani haukuwepo mwaka 1970. Mitungi ya mipira ya mafuta chini ya mabawa haikuwepo. Uvimbe tumboni karibu na mkia nao haukuwepo. Nimezichapisha picha na kuzungushia vitu hivyo kalamu nyekundu, visije vikaingia kwenye modeli kimyakimya. Mtego mwingine ni picha za VC10 fupi. Ile ya kawaida ilipungua karibu mita 4 kwa Super, yaani milimita 27 kwa kipimo changu, na mpangilio wa madirisha yake ni mwingine. Picha ya rangi nzuri inaweza kukupoteza kabisa usipojua ni ipi unayoitazama.

Kuhusu mlango, jambo lililonifurahisha ni hili: wakati wa kuzigeuza kule kiwandani Filton, Uingereza, mlango huo ndio uliorahisisha kazi. Matangi ya ziada yaliingizwa ndani ya bodi kupitia hapo. VC10 fupi zilizogeuzwa kipindi hichohicho hazikuwa na mlango wa mizigo, zikalazimika kukatwa paa ndipo matangi yaingie. Sehemu hiyohiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya mizigo ya Nairobi na Dar es Salaam ikaja kuamua ndege hizi zitaishi vipi miaka mingine karibu 30.

Jioni nilipita kwa mzee wa mtaa wa pili, aliyewahi kupakia mizigo uwanja wa ndege wa Dar es Salaam enzi hizo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ndiyo VC10?"

Alizishika nusu za bodi zikiwa bado na teipu, akazigeuza polepole, akaweka kidole gumba ubavuni kushoto, nyuma kidogo ya mlango wa abiria wa mbele. "Hapa. Na unafunguka kwenda juu, mwanangu. Usije ukauwekea bawaba pembeni."

Nilipofika nyumbani nikalinganisha na picha ya ZA150. Kidole chake kilikuwa palepale.

Jumamosi, 1 Februari

Leo nimechonga mlango, na nataka kuieleza kazi hii vizuri kwa sababu ndiyo moyo wa mradi.

Mlango halisi una upana wa zaidi ya mita 3.5 na kimo cha zaidi ya mita 2. Kwa 1/144 unakaribia milimita 25 kwa 15. Bodi yenyewe kwa kipimo hiki ni nene milimita 26 hivi, kwa hiyo mlango ni mkubwa kuliko unavyoutarajia ukiusoma kwenye karatasi. Sikutegemea tarakimu peke yake. Nilichukua picha iliyopigwa ubavuni kabisa, nikapima kimo cha mlango dhidi ya kimo cha bodi na umbali wake kutoka kwenye mlango wa abiria, kisha nikahamishia uwiano huo kwenye plastiki kwa penseli.

Kiolezo nimekikata kwenye kopo la soda. Bati lake ni laini, linapinda na kufuata mviringo wa bodi bila kulazimishwa, na halichimbwi na sindano. Kona nne nimezizungusha kwa tupa nyembamba mpaka zikafanana. Hapo nilichukua muda mrefu, kwa sababu kona moja ikiwa kali kuliko nyingine mlango wote unaonekana umechorwa kwa mkono. Kiolezo kikabanwa kwa teipu ya rangi pande zote nne, halafu ya ziada juu yake.

Chombo ni sindano ya cherehani iliyobanwa kwenye kidrili cha mkono. Mpito wa kwanza haukandamizwi hata kidogo: kazi yake ni kuacha njia tu. Mpito wa pili unaifuata njia hiyo. Kufikia wa nne au wa tano unaanza kuona unywele mwembamba wa plastiki ukijikunja mbele ya ncha, na mkono unahisi sindano imeshika reli yake yenyewe. Ukifika hapo unaweza kuondoa kiolezo. Kwenye kona sindano haisukumwi, bodi ndiyo inayozungushwa chini yake.

Baada ya hapo, mswaki wa zamani kutoa unga, msasa namba 1500 kidogo na maji, halafu mpito mmoja tu wa brashi yenye gundi ya Tamiya ya kifuniko cha kijani. Gundi hiyo ni nyepesi, inayeyusha vinyweleo vilivyobaki kando ya mstari na kuulainisha. Ukipita mara mbili, mstari unajifunga.

Mlango utabaki umefungwa. Ukiwa wazi unavunja mstari wa bodi, na mstari huo mrefu usiokatika ndio uzuri wa Super VC10.

Jumapili, 9 Februari

Uzito wa pua. Injini zote nne za VC10 ziko nyuma, na modeli nayo itaketi mkiani isipopewa kitu cha kuivuta mbele. Nimenunua chubwi ndogo za risasi kwa wavuvi pale Feri, nikazipondaponda kwa nyundo zikawa bapa na kuzipanga nyuma ya chumba cha marubani mpaka bodi ikalala mbele ilipowekwa juu ya penseli mahali pa magurudumu makubwa. Gramu 30 hivi zilitosha, nikaongeza kidogo kwa usalama.

Risasi hii ishikwe kwa gundi ya mirija miwili, ile inayochanganywa. Gundi nyeupe ya mbao haifai hapa kabisa, kwani inakula risasi taratibu, risasi inavimba, na baada ya miaka michache bodi inapasuka kwenye mshono.

Chumba cha marubani nimekipaka rangi nyeusi na kuweka viti vya kwenye seti, basi. Vioo vya mbele kwa kipimo hiki vina upana wa milimita chache na hakuna atakayeona ndani.

Jumamosi, 15 Februari

Mabawa na mkia.

Nilitazama picha za bawa kwa muda kabla ya kushika sindano, na uamuzi ni kutotoboa ribiti hata moja. Ngozi ya bawa la VC10 ilichongwa kwa mashine kutoka kwenye mabamba mazito ya alumini, pamoja na mbavu zake za kuimarisha, badala ya kuunganishwa kwa mabati mengi madogo. Ndiyo maana linaonekana safi hivyo. Ukilijaza vitundu unaligeuza kuwa la ndege nyingine.

Kinachotakiwa kuonekana kwenye bawa hili ni slati, vibao vinavyochomoza ukingo wote wa mbele, na flapu, vibao vikubwa vinavyoshuka nyuma, vyote vya kuliongezea bawa nguvu ya kuinua. Hivyo ndivyo vilivyoipa VC10 sababu ya kuwepo. BOAC ilitaka ndege itakayoruka na mzigo kamili kutoka viwanja vya joto na vya juu, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi. Wahandisi wakaziondoa injini kwenye mabawa na kuzipeleka mkiani ili bawa lote libaki la kuinua. Kwa hiyo mistari ya slati na flapu nimeichimba upya, mirefu na ya kina. Viungo vya ngozi nimevisugua kwa msasa mpaka vikabaki kivuli tu. Mstari wa milimita 0.1 kwenye modeli ni ufa wa sentimita 1.4 kwenye ndege. Hakuna ndege ya abiria yenye nyufa hizo. Lakini kati ya bawa na flapu kuna nafasi halisi ambayo mtu anaiona akiwa amesimama chini, na hiyo inastahili kina.

Kanuni hiyohiyo nimeitumia mkiani. Usukani wa VC10 umegawanywa vipande vitatu, na vibao vya kupandishia pua kule juu vipande vinne, kila kimoja na mtambo wake wa kukisukuma, ili kimoja kikifa vingine viendelee. Seti ilikuwa imevichora kama kipande kimoja kimoja. Sasa vimegawanywa, na ni mistari michache iliyobadilisha sura ya mkia wote.

Ukingo wa nyuma wa bawa ulikuwa na unene wa nusu milimita. Kwenye ndege halisi hiyo ingekuwa sentimita 7.2, ubao. Nimeusugua upande wa ndani tu, kabla ya kuunganisha nusu ya juu na ya chini, nikiwa nimeubandika msasa juu ya kioo na kulisukuma bawa juu yake. Upande wa nje haujaguswa, kwa hiyo umbo halijabadilika. Ukingo sasa unapitisha mwanga ukiuinua dirishani.

Jumamosi, 22 Februari, na wiki iliyofuata

Injini. Kazi iliyochukua muda kuliko zote, na niliyoifurahia kuliko zote.

VC10 ina Rolls-Royce Conway nne, mbili kila upande, zimelala bega kwa bega ndani ya nyumba moja. Ukiitazama ndege kutoka mbele na pembeni kidogo, macho yanakwenda moja kwa moja kwenye midomo ile miwili ya duara. Kwenye seti midomo ilikuwa na ukingo wa milimita moja, sawa na sentimita 14, na ndani yake kisahani bapa chenye michoro ya mapanga. Kila kitu hapo kimefanywa upya.

Nilianza na ndani ya mdomo, ambako mshono wa nusu mbili unaonekana na msasa haufiki. Niliunganisha nusu zote, nikaziba upande wa nyuma kwa teipu, nikamimina ndani rangi ya kijivu iliyozimuliwa kwa thina mpaka ikawa nzito kidogo kuliko maziwa. Nikaizungusha nyumba ya injini polepole mkononi ili rangi itembee kila mahali, kisha nikaimwaga na kuiacha imeinama juu ya kitambaa. Ilipokauka nikarudia. Mpito wa tatu mshono umepotea kabisa.

Mapanga nimeyatengeneza kwa bati la kopo lilelile la soda. Fundi viatu wa sokoni aliniazima kitobolea ngozi chake, kile chenye midomo ya ukubwa mbalimbali, nikatoboa visahani visivyozidi milimita 8. Kila kisahani nimekikata kwa wembe mpya kutoka ukingoni kuelekea katikati, nikiacha kitovu kizima. Kwanza mipasuo minne ya msalaba, halafu kati ya kila miwili, halafu kati tena. Kisha kwa kibano chenye ncha kali nikashika kila panga na kulipinda kidogo, yote upande mmoja. Hii haiwezi kufanywa haraka. Ukipinda moja zaidi ya wenzake linaonekana hata kwa mtu asiyejua ndege. Katikati nimebandika kichwa cha pini ya kushonea. Kisahani kikiingia ndani ya mdomo uliopakwa kijivu, mwanga unakatika kwenye kila panga kwa namna yake, na unapoigeuza modeli unaona kama kuna kina cha mita nzima mle ndani.

Ukingo wa mdomo nimeupunguza kwa msasa uliozungushiwa kijiti cha pipi mpaka ukawa chini ya nusu milimita, na kuufunika kwa foili ya jikoni iliyosuguliwa kwa pamba. Foili ishikwe kwa gundi ya maji iliyozimuliwa, ipakwe ikiwa nyembamba sana, halafu isubiriwe ikaribie kukauka ndipo foili ilazwe.

Nyuma, mabomba ya kutolea moshi ya kwenye seti yalikuwa yamejaa plastiki. Badala ya kuyachimba nimetumia bomba la wino la kalamu ya chuma, lenye kipenyo cha milimita 6, lililokatwa vipande vinne kwa tupa ya pembe tatu. Bomba la chuma ni jembamba kwa namna ambayo plastiki haiwezi kuwa. Kila kipande nimekipitisha juu ya mshumaa kwa sekunde chache mpaka kikapata rangi ya dhahabu na kuingia kwenye zambarau karibu na ncha. Ni rangi ya joto la kweli juu ya chuma cha kweli, na sikuigusa tena.

Jumamosi, 8 Machi

Ramadhani, kwa hiyo kazi ni baada ya futari, na taa ya mezani. Inafaa kwa magurudumu, maana ni kazi ya kukaa kimya na kioo cha kukuzia.

Miguu mikubwa miwili ina magurudumu manne kila mmoja, na wa mbele una mawili. Matairi kumi, kila moja dogo kuliko kifungo cha koti. Nimeyasugua chini kidogo yawe bapa pale yanapokanyaga, kwa sababu ndege ina uzito na matairi yake yanauonyesha. Si sana, robo ya milimita inatosha. Yakizidi hapo ndege inaonekana ina pancha.

Mabomba ya breki nimeyafanya kwa waya wa shaba kutoka kwenye koili ya spika iliyokufa. Waya huo unakaribia milimita 0.1, ambayo ni sentimita 1.4 kwa ndege, unene unaostahili mpira wa haidroliki. Nimeupasha moto kwanza ili ulegee, nikaufuatisha nyuma ya mguu, nikauachia mkunjo mdogo kwenye kiungo pale ambapo mpira halisi unahitaji nafasi ya kucheza. Umeshikwa mahali pachache tu kwa tone la supaglu lililochukuliwa kwa ncha ya sindano. Sehemu ya mguu inayoteleza imefungwa foili, na ndiyo sehemu pekee inayong'aa kwenye mguu mzima.

Milango ya magurudumu nimeipunguza unene. Hakuna zaidi la kusema juu yake.

Jumamosi, 15 Machi

Madirisha. Vioo vya plastiki vya kwenye seti vinakaa ndani mno, na dirisha linaonekana kama shimo. Nimetumia gundi nyeupe ya mbao. Unachovya kijiti cha kusafishia meno, unakizungusha kwenye ukingo wa dirisha, halafu unavuta tone kutoka upande mmoja hadi mwingine, nalo linajifunga kama utando. Linakauka na kuwa angavu, likiwa usawa wa bodi. Kwa unyevu wa Dar inachukua usiku mzima, na ukizubaa vumbi limeshaingia. Nimeifunika bodi kwa bakuli la plastiki.

Kazi hii niifanye baada ya rangi nyeupe. Leo nimejaribu kwenye bodi ya zamani tu, na majibu ni mazuri.

Jumamosi, 22 Machi

Masika yanakaribia na hewa imeanza kuwa nzito. Rangi ya kung'aa ikipulizwa kwenye unyevu inapata ukungu mweupe, kwa hiyo nimepuliza saa saba mchana, jua kali, kompresa imepumzishwa kila baada ya muda na kichujio chake cha maji kumwagwa.

Praima ya kijivu kwanza, ili kuona mishono. Kisha nyeupe juu, mipito myembamba mingi badala ya mmoja mnene, kwa sababu rangi nene ingejaza ule mstari wa mlango niliouchimba Februari. Baada ya kila mpito nimeukagua kwa kioo cha kukuzia kona zote nne. Upo.

Tumbo limepata rangi ya bati. Mabawa kijivu, na ukingo wa mbele bati. Mistari ya slati, flapu na usukani nimeitilia rangi ya mafuta ya kijivu iliyozimuliwa sana. Mstari wa mlango wa mizigo haukutiwa chochote. Kivuli chake chenyewe kinatosha, na juu ya nyeupe ungekuwa mkali kupita kiasi.

Jioni madirisha yote yamejazwa gundi, bodi iko chini ya bakuli.

Jumanne, 1 Aprili, Idi pili

Stika za maji. Nimezipaka vanishi kwanza, mkono mmoja, zisije zikakatika.

Mkiani kuna mistari ya rangi za bendera za nchi tatu, na ndiyo niliyoanza nayo mikono ikiwa bado imetulia. Kisha mstari mrefu wa ubavuni, upande wa kushoto kwa tahadhari kubwa, kwa sababu unapita juu ya mlango wa mizigo. Stika ikilala juu ya mstari uliochimbwa inaufunika kama daraja, na mlango unaonekana umekatika katikati. Niliiacha ikauke kabisa. Kisha kwa wembe mpya nikakata stika juu ya mstari wa mlango, pande zote mbili, nikapaka siki nyeupe kwa brashi nyembamba na kuibonyeza kwa pamba yenye unyevu. Kingo zimeingia ndani ya mstari. Sasa ukanda unapita, unavuka mlango, na unaendelea, na mlango unaonekana ni mlango uliopakwa rangi pamoja na ndege.

Nembo ya simba imekaa. Herufi za usajili nimezikata moja moja na kuzipanga kwa kutumia teipu kama rula: 5, H, kistari, M, O, G.

Mzee wa mtaa wa pili alipita kunipa mkono wa Idi. Aliiinamia meza, hakugusa kitu, akaizunguka mpaka upande wa kushoto.

"Mlango umeuweka."

"Nimeuweka, mzee."

"Sasa tafuta na lile gari la kupandishia mizigo."

Nimeshaanza kuchora vipimo vyake. Kilichobaki kwenye ndege yenyewe ni antena za juu na chini ya bodi, zitakazokatwa kwenye plastiki ya milimita 0.2, na mkono wa mwisho wa vanishi mvua zikitulia.